Kupima Nguvu ya Seva: Zana ni Bure, Bili Iko Kwingine

Zana zenyewe hazina bei. ab, wrk, hey, siege, vegeta, k6, iperf3: zote unaziweka kwenye Linux bila kutoa hata senti, hakuna anayekuomba namba ya kadi, na leseni zake zinakuruhusu kuzitumia kazini. Lingekuwa suala la bei ya dukani tu, makala haya yangeishia hapa. Lakini anayeipima seva yake kabla ya siku ya watu wengi, iwe siku ya matokeo ya mitihani, siku ya kufunguliwa dirisha la maombi ya mikopo ya wanafunzi au siku ya ofa ya duka la mtandaoni, hulipa mahali pengine. Hulipa kwenye bando, kwenye mashine ya kukodi, kwenye data inayotoka nje ya kituo, na zaidi ya yote kwenye wiki anazopoteza akiamini namba isiyo na maana.

Tuanze na mahali unaposimama ukipima, maana ndipo pesa nyingi hupotelea na ndipo wachache huangalia. Chukua fundi aliyeko Dar es Salaam, seva yake iko Frankfurt. Ujumbe kwenda na kurudi kwa nyaya za baharini unachukua, tuseme, milisekunde 160. Anafungua terminali, anaandika amri ya kufungua miunganisho 50 kwa pamoja. Kila muunganisho unatuma ombi, unasubiri jibu, ndipo unatuma lingine. Hata seva ikijibu papo hapo, muunganisho mmoja hauwezi kuvuka maombi sita na robo kwa sekunde, na yote 50 kwa pamoja haivuki 312. Fundi anaona 300 na ushee, anaandika kwenye ripoti kwamba huo ndio uwezo wa seva, na bosi anaidhinisha seva yenye nguvu maradufu. Wanapima tena: 300 na ushee. Seva haijatoka hata jasho. Walichokipima ni umbali wa Ulaya.

Hali inakuwa mbaya zaidi akitumia ab bila kuweka alama ya -k. Bila alama hiyo, ab hufunga muunganisho baada ya kila ombi, kwa hiyo kila ombi linaanza upya: salamu za TCP, kisha mapatano ya usimbaji, ndipo swali lenyewe. Kwa TLS 1.3 hizo ni safari tatu badala ya moja, yaani milisekunde 480, na miunganisho ileile 50 inashuka hadi maombi 104 kwa sekunde. Seva haijabadilika, laini haijabadilika, imekosekana herufi moja tu.

Halafu kuna upana wa laini. Ukurasa wa kilobaiti 200, ukiuvuta kwa intaneti ya nyumbani ya megabiti 20 kwa sekunde, utapata kurasa 12 hivi kwa sekunde na laini imejaa. Kwa bando la simu ni hasara tupu: GB 1 inaisha baada ya kurasa 5,000, na maombi 5,000 ni jaribio la dakika chache lisilokuambia lolote.

Ndiyo maana ununuzi wa kwanza ninaoupendekeza ni mashine ya kukodi kwa saa, ndani ya kituo kilekile cha data iliko seva. Kwenye orodha ya bei za AWS huko Virginia, mashine ya aina ya c5.large ni dola 0.085 kwa saa. Saa nne za kazi ni dola 0.34, pungufu ya bei ya chai na maandazi mjini. Mashine mbili zikiwa katika eneo moja la kituo na zikizungumza kwa anwani za ndani, data haitozwi. Ikivuka kwenda eneo jirani la mji uleule, ni senti moja ya dola kwa GB kila upande. Ukisahau na kutumia anwani ya umma, utatozwa hata kama mashine zimekaa bega kwa bega.

Usidanganywe na mashine za bei ya chini kabisa. Ile ya t3.micro, senti moja ya dola na kidogo kwa saa, inatangazwa kuwa na prosesa mbili, lakini unachohakikishiwa kwa muda mrefu ni asilimia 10 ya kila moja. Juu ya hapo unatumia akiba uliyojiwekea ilipokuwa imetulia. Jaribio linaanza vizuri, dakika zinapita, akiba inaisha, na kama hujaruhusu kulipa ziada, namba zinaporomoka. Ukiwa umeiweka mashine ya aina hiyo upande wa kupima, utalaumu seva. Ukiwa umeiweka upande wa seva, angalau umegundua jambo la kweli, ila hakikisha jaribio linadumu vya kutosha kuliona.

Sasa data ya kutoka. Anayelipa hapa ni upande wa seva, kwa sababu ombi ni jepesi na jibu ndilo zito. Maombi 500 kwa sekunde, kila jibu kilobaiti 200, ni megabaiti 100 kwa sekunde. Kwa dakika 10 ni GB 60. Fanya majaribio kumi ya namna hiyo kwa mwezi na una GB 600. AWS hutoa GB 100 za kwanza bure kila mwezi, kisha hutoza dola 0.09 kwa GB katika maeneo yake ya Marekani na dola 0.154 huko Cape Town. Majaribio hayo kumi, yakipigwa kutoka nje, yatakugharimu dola 45 upande mmoja na dola 77 upande wa pili, na hapo wateja wa kweli hawajala sehemu yao ya zile GB 100. Hetzner huuza mashine za Ujerumani pamoja na TB 20 za data kwa mwezi, kwa hiyo GB 600 haziongezi kitu. DigitalOcean wako katikati: mashine ya dola 6 kwa mwezi huja na GB 1,000, na ukizidisha ni senti moja kwa kila GB. Kwa anayepima mara kwa mara kutoka nje, tofauti hii ya data ni kubwa kuliko tofauti ya bei za mashine ambayo watu huibishania.

Ukishapata pa kusimama, swali la zana linakuja, na hapa nina upande wangu.

Zana nyingi za bure hufanya kazi kwa kusubiri: mtumiaji wa kubuni anatuma ombi, anakaa mpaka ajibiwe, ndipo anatuma la pili. ab, wrk, hey na siege zote ziko kundi hili. Ubaya wake ni kwamba seva ikikwama, zana nayo inakwama kwa adabu zote. Wateja wa kweli hawana adabu hiyo. Matokeo ya kidato cha nne yakitangazwa, mzazi wa Mbeya hajui kama yuko mzazi wa Tanga anayesubiri ukurasa ufunguke. Yeye anabonyeza tu.

Fanya hesabu uone ukubwa wa tofauti. Tuseme seva hujibu kila ombi kwa milisekunde 10, na jaribio ni la sekunde 60 kwa muunganisho mmoja. Katikati, seva inaganda kwa sekunde 6, labda hifadhidata imefungiana. Zana ya kusubiri itarekodi maombi 5,400 yaliyojibiwa kwa milisekunde 10, na ombi moja tu lililochukua sekunde 6. Wastani ni milisekunde 11. Ukiyapanga maombi yote kuanzia la haraka hadi la pole na kuangalia aliyesimama kwenye nafasi ya 99 katika kila 100, utakuta milisekunde 10. Ripoti safi.

Sasa tuma maombi 100 kila sekunde bila kujali kama yaliyotangulia yamejibiwa. Katika sekunde 60 yatakwenda 6,000, na 600 kati yake yatafika seva ikiwa imeganda. Aliyefika mwanzoni atasubiri karibu sekunde 6 nzima, aliyefika mwishoni atasubiri kidogo. Mtu wa nafasi ya 95 sasa amesubiri sekunde 3, wa nafasi ya 99 sekunde 5.4. Ni seva ileile na kuganda ni kulekule. Ripoti ya kwanza inakupa usingizi, ya pili inakuamsha.

Gil Tene wa Azul Systems ndiye aliyelipigia kelele jambo hili kwa miaka, na hakuishia kwenye kelele. Aliichukua wrk ya Will Glozer, akaiongezea uwezo wa kutuma kwa mwendo usiobadilika na kuhesabu muda wa kusubiri tangu ombi lilipostahili kutoka, akaiita wrk2. Ni chombo kizuri, lakini ni cha wavumilivu: lazima uijenge mwenyewe kutoka kwenye msimbo, na haijaguswa sana kwa miaka mingi. Asiyetaka usumbufu huo achukue vegeta, iliyoandikwa kwa lugha ya Go, faili moja unalipakua na kuliendesha. Unaipa anwani, mwendo na muda, inatoa ripoti. Tangu mwanzo ilijengwa kutuma kwa mwendo maalumu, na kwa tovuti nyingi hapo ndipo ningeanzia.

Hii haimaanishi zana za kusubiri ni takataka. wrk ni hodari kwa kutafuta kilele: inatumia nyuzi kadhaa za prosesa, haili kumbukumbu, na mashine ndogo inaweza kushika miunganisho elfu bila kuhema. Ukitaka kujua kama Nginx yako baada ya mabadiliko inabeba zaidi kuliko jana, sioni sababu ya kutafuta kingine. hey ni ya haraka zaidi kujifunza. Usipoiambia kitu inatuma maombi 200 kwa wafanyakazi 50 na kukuchorea jedwali la muda. ab ni mkongwe wa mwaka 1996, inakuja pamoja na vifaa vya Apache, inatumia uzi mmoja tu wa prosesa na inazungumza HTTP 1.0. Inafaa kujibu swali moja: je, seva iko hai? Namba zake za kasi sizipeleki kwenye kikao. Mwenye seva inayohudumia HTTP/2 au HTTP/3 na anayetaka kupima njia hiyo hasa, atumie h2load kutoka mradi wa nghttp2, kwa sababu wrk na ab hazijui lugha hizo.

k6 inastahili aya yake. Ilitoka Sweden, ikafunguliwa msimbo mwaka 2017, na mwaka 2021 ikanunuliwa na Grafana Labs. Nguvu yake ni kwamba unaandika safari ya mteja kwa JavaScript: aingie, atafute bidhaa, aiweke kapuni, alipe. Vegeta haiwezi hilo kwa raha. Gharama yake ni kumbukumbu. Kila mtumiaji wa kubuni anakula megabaiti 1 hadi 5 hata kwa hati nyepesi, kwa hiyo watumiaji 1,000 wanaweza kudai GB 5, na hapo mashine ya dola 6 haitoshi. Jambo la pili ambalo wengi hawalioni: usipoibadilisha, k6 nayo husubiri kama ab. Lazima uchague aina ya utekelezaji inayoitwa constant-arrival-rate ndipo itume kwa mwendo usiojali majibu. Nimeona ripoti za kurasa nyingi zenye michoro mizuri ambazo hazikufanya hivyo.

Grafana Labs wana huduma ya wingu ya k6 pia, ambapo mashine za kupigia ni zao. Kipimo cha malipo ni saa za mtumiaji wa kubuni, na akaunti ya bure hupewa 500 kwa mwezi. Inasikika nyingi. Watumiaji 1,000 kwa nusu saa, zimekwisha. Itakufaa kama wateja wako wametapakaa na unataka mzigo utoke nchi kadhaa kwa mpigo. Vinginevyo mashine yako ya kukodi ni nafuu.

JMeter, ya tangu 1998, imekaa kwenye benki na ofisi za serikali kwa sababu ina madirisha ya kubofya na inazungumza na kila kitu: hifadhidata, LDAP, FTP, foleni za ujumbe. Iendeshe kwa mstari wa amri wakati wa jaribio lenyewe. Waliotengeneza wenyewe wanakuambia dirisha ni la kuandalia mpango tu. Locust ni ya waandika Python, ila mchakato mmoja hautumii zaidi ya kiini kimoja cha prosesa, hivyo utaanzisha kadhaa. LoadRunner ni ya kulipia. Imepita mikononi mwa Mercury, HP, Micro Focus na sasa OpenText, na toleo lake la bure lina kikomo cha watumiaji 50 wa kubuni. Kama mkataba na mteja haukulazimishi, sijui kwa nini kampuni ya watu kumi iinunue.

Kabla ya zote hizo, dakika tano za iperf3 huokoa siku nzima. Haipimi tovuti. Inapima njia kati ya mashine mbili unazozimiliki: upande mmoja unaiweka isikilize, upande wa pili inatuma, na unajua laini inabeba megabiti ngapi. Ikikuambia 940 kwa kadi ya gigabiti, njia ni nzima. Ikikuambia 90, kuna waya au swichi ya zamani mahali fulani, na hakuna haja ya kuisumbua seva. Wakati jaribio linaendelea, fungua top kwenye mashine inayopiga. Prosesa yake ikifika asilimia 100, unajipima mwenyewe. Angalia pia kikomo cha mafaili wazi. Linux nyingi huanza na 1,024, na kila muunganisho unahesabiwa kama faili.

Kuna gharama moja ambayo miongozo ya Ulaya na Marekani haiandiki, na huku kwetu ndiyo inayouma kuliko zote. Mfumo wako unatuma SMS ya namba ya siri kila mtu anapojisajili. Unarusha maombi 10,000 kwenye ukurasa wa kujisajili. Kama SMS moja ni shilingi 20, umechoma shilingi 200,000 kabla hujasoma ripoti, na namba za simu ulizozibuni huenda ni za watu halisi waliolala. Mlango wa malipo ya simu ni hivyohivyo. Weka seva ya bandia inayojibu badala ya mtoa SMS na badala ya mtandao wa malipo, na uifanye ichelewe kama wa kweli unavyochelewa, sekunde mbili au tatu, la sivyo utapata picha ya furaha isiyokuwapo. Na ikiwa mbele ya seva kuna Cloudflare au mfano wake, ama watakuzuia kwa kudhani ni shambulio, ama watajibu wao kutoka kwenye akiba yao huku seva yako imepumzika. Elekeza zana moja kwa moja kwenye anwani ya seva.

Ruhusa nayo ina bei. Ukiwa kwenye mashine ya kushirikiana na wengine, ile ya kulipia kwa mwaka, majirani zako ndio watakaoumia na akaunti yako ndiyo itakayofungwa, kwa hiyo usiipime kabisa. AWS inataka uwaandikie kwanza kama trafiki itazidi gigabiti 1 kwa sekunde kwa zaidi ya dakika moja. Mfano wangu wa juu, megabaiti 100 kwa sekunde, ni megabiti 800, uko chini kidogo ya mstari huo. Ongeza robo tu umefika. Zana kama hping3 yenye alama ya kufurika haipimi chochote, inamwaga pakiti bila kusoma majibu, na haina nafasi kwenye kazi hii.

Na kuna wale wanaouza "majaribio ya mzigo" kwa mwezi bila kuuliza seva ni ya nani. Webstresser.org ilikuwa ikiuza huduma hiyo kuanzia euro 15 kwa mwezi. Ilipofungwa Aprili 2018 kwa operesheni ya polisi wa nchi kadhaa ikiratibiwa na Europol, ilikuwa na watumiaji zaidi ya 136,000 waliojiandikisha na ilihusishwa na mashambulizi milioni 4, na baadaye polisi wakawageukia wateja. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ina sheria yake ya 2018, na zote mbili zinahesabu kuvuruga mfumo wa mtu bila ruhusa kuwa kosa la jinai. Hata kwa seva ya mteja wako, pata barua yenye tarehe, saa na anwani.

Mwenye bajeti kubwa asidhani amemaliza. Australia ilifanya sensa ya mtandaoni tarehe 9 Agosti 2016, mfumo ukiwa mikononi mwa IBM. Majaribio ya mzigo yalikuwa yamefanyika na kufaulu kwa fomu milioni moja kwa saa. Jioni ile lilikuja shambulio ambalo wachunguzi walisema lilikuwa dogo, ruta ikawashwa upya, haikurudi na mpangilio wake, na tovuti ikakaa nje karibu saa 40. Mbele ya kamati ya Seneti IBM walikiri kwamba wangerudishwa nyuma wangeijaribu ruta kwa kuizima na kuiwasha. Jaribio hilo ni bure. Kwa hiyo mzigo ukiwa unaendelea kwa mwendo wa kawaida, zima kitu: hifadhidata ya pili, mashine moja kati ya mbili, na utazame nafasi ya 99 inakwenda wapi.

Kwa mfuko mtupu, basi, ni vegeta kutoka mashine nyingine ya ofisini, iliyoungwa kwa waya kwenye swichi moja na nakala ya seva. Utapata makosa ya msimbo na hifadhidata, ambayo ndiyo mengi. Kwa dola moja au mbili, ni mashine ya saa chache ndani ya kituo cha data, iperf3 kwanza, wrk kutafuta kilele, kisha vegeta kwa asilimia 70 ya kilele hicho kwa nusu saa. Mwenye duka lenye kapu na malipo aongeze k6 na mashine ya GB 8. Jaribio la kutoka mbali, Dar hadi Frankfurt, lifanyike pia, lakini kwa maombi machache, kujua mteja anasubiri muda gani. Kazi ikiisha, futa mashine ya kukodi kabisa badala ya kuizima: DigitalOcean huendelea kutoza mashine iliyozimwa kana kwamba inafanya kazi, na AWS huendelea kutoza diski yake.